Swichi ya funguo inayokatakata: isafishwe, iunganishwe moja kwa moja, au inunuliwe mpya?

Swali la msomaji: "Nina pikipiki ya Kichina ya cc 125, ile ya injini ya CG, naifanyia bodaboda hapa Ifakara. Nikipita kwenye rasta au barabara mbovu, honi, indiketa na taa ya breki vinakufa na stata haishiki, ila injini inaendelea kunguruma na taa kubwa inawaka. Nikiuchezesha ufunguo vinarudi. Mvua kubwa ikinyesha ndipo injini nayo inaanza kukosa, wakati mwingine inazima kabisa mpaka jua litoke. Fundi wa kwanza kaniambia atakata waya aunganishe moja kwa moja nisahau habari za swichi. Wa pili kasema ninunue swichi mpya. Hii yenyewe haiwezi kufunguliwa ikasafishwa? Na inatokaje, maana boliti zake sizioni?"

Inafunguka, kaka, na inasafishika. Kwa dalili ulizozieleza naona una kasoro mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili ni za kusafisha na kulehemu, si za kununua. Lakini usikimbilie bisibisi. Swichi nyingi za hizi pikipiki zinatupwa zikiwa nzima, kumbe kilichokatika ni waya nje yake, na mwenye pikipiki anafunga mpya, baada ya muda anarudi na shida ileile.

Kwanza ujue inafanya kazi gani. Ukifuata waya zinazotoka chini ya swichi utakuta nne. Injini ya CG asili yake ni Honda, ilianza kuuzwa mwaka 1976, na viwanda vya China vilipoichukua vilichukua na utaratibu wa Honda wa rangi za waya. Nyekundu inatoka kwenye betri kupitia fyuzi. Nyeusi inaupeleka umeme huo kwenye honi, indiketa, taa ya breki na kitufe cha stata. Kijani ni ardhi, inaungana na bodi. Nyeusi yenye mstari mweupe inatoka kwenye CDI, kile kiboksi kinachoamrisha plagi itoe cheche. Ukiweka ON, nyekundu na nyeusi zinashikana. Ukiweka OFF hizo zinaachana, halafu kijani na ile yenye mstari ndizo zinashikana, umeme wa CDI unamwagika kwenye bodi badala ya kwenda kwenye koili na plagi, injini inazima. Kama waya za pikipiki yako zimeshawahi kufumuliwa na kufungwa upya na fundi wa njiani, rangi usiziamini hata moja, pima.

Sasa soma dalili zako upya. CDI yako inalishwa na koili yake yenyewe kwenye magneti, yaani kile kijenereta kinachozungushwa na injini, haiombi chochote kwa betri. Ndiyo maana unaweza kuwasha kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Taa kubwa nayo, kwenye pikipiki nyingi za aina hii, inakula magneti bila kupita kwenye ufunguo. Kwa hiyo vyote vilivyokufa, honi, indiketa, taa ya breki, stata, ni wateja wa njia moja tu, nyekundu kwenda nyeusi. Hiyo ndiyo inayokatika kwenye rasta.

Mvua ni habari nyingine. Ndani ya swichi, grisi ya kiwandani imeshachanganyika na vumbi na unga wa shaba ikawa tope jeusi. Likilowa, linapitisha umeme kati ya kijani na ile yenye mstari mweupe, kama vile kuna mtu anauzungusha ufunguo nusunusu kwenda OFF wakati wewe unaendesha. Umeme wa waya ule una volti zaidi ya mia injini ikizunguka, hauhitaji njia nzuri ili uvuje. Na ndiyo sababu usiushike kwa mkono injini ikiwa inanguruma, utakurusha.

Wasomaji wenye pikipiki ambazo CDI yake inalishwa na betri, hesabu hii si yenu. Kwenu njia ya nyekundu na nyeusi ikikatika, injini inazima palepale, hata mkiwa katikati ya kulipita lori.

Kabla ya kuitoa, hakikisha kosa liko wapi. Anza na vichwa vya betri na kishikio cha fyuzi, maana nati ya betri iliyolegea inaleta dalili hizihizi na kuikaza hakuchukui dakika. Halafu zima injini, weka ON, mwambie mtu abonyeze honi na asiiachie. Chezesha ufunguo taratibu bila kusogeza hendeli. Kisha acha ufunguo, zungusha hendeli kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Kisha ingiza mkono nyuma ya taa kubwa, tikisa soketi ya swichi. Honi ikikatika kwa ufunguo, pointi za ndani, yaani shaba zinazogusana kupitisha umeme, zimechoka au zimechafuka. Ikikatika kwa hendeli, ni waya: swichi inazunguka pamoja na hendeli, mkanda wa waya umebaki kwenye fremu, kwa hiyo kila kona waya zinapindwa palepale zinapoingia kwenye swichi mpaka nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine. Ikikatika kwa soketi, huhitaji kuitoa swichi kabisa. Fungua soketi, utakuta pini moja imegeuka kahawia na plastiki yake imeyeyuka kidogo. Hiyo pini imelegea, imepata moto.

Wewe umesema vitu vinarudi ukichezesha ufunguo, na mimi nakubali ni pointi, ila jaribu na la hendeli. Kwa pikipiki za bodaboda, waya uliokatika ndani ya ganda lake ni jambo la kawaida kuliko pointi zilizokufa, na ukiuchezesha ufunguo kwa nguvu unautikisa na waya bila kujua.

Kwa la mvua, chomoa ule waya wenye mstari mweupe peke yake unaokwenda kwenye swichi, funika ncha yake kwa utepe, mwagia swichi maji kidogo, washa kwa kiki. Injini ikitulia, swichi ndiyo mwizi. Ikiendelea kukosa, angalia kitufe chekundu cha kuzimia kwenye hendeli kama unacho, nacho kinatumia waya huohuo na kinaingiza maji vilevile. Baada ya hapo uende kwenye kofia ya plagi. Kumbuka kwamba waya huo ukiwa umechomolewa, ufunguo hauzimi injini. Utaizima kwa kuweka gia ya juu, kushika breki na kuachia klachi.

Haya, kuitoa. Boliti huzioni kwa sababu ziko chini. Swichi imekaa juu ya kile chuma kinachoshika miguu miwili ya shokapu za mbele, kati ya spidomita na hendeli, na boliti zake mbili zimeingia kutokea upande wa chini, zikitazama ardhi. Taa kubwa na kava zinazificha. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Kisha fungua skrubu mbili za pete ya taa, kioo kinatoka pamoja na balbu, chomoa soketi yake ukiweke kando kwenye kitambaa. Ndani ya bakuli la taa kuna msitu wa soketi. Tafuta ile yenye zile waya nne, piga picha kwa simu kabla hujachomoa chochote, hata kama unaamini utakumbuka. Chomoa kwa kubonyeza ulimi wa soketi, usivute waya.

Boliti zenyewe kwa kawaida ni za spana namba 10. Utahitaji soketi yenye kirefusho au spana ya pete iliyopinda, na kwenye baadhi ya pikipiki inabidi ulegeze bano la spidomita lisogee mbele upate nafasi. Zimekaa kwenye maji na vumbi miaka, zipulizie dawa ya kulainisha kutu, nenda kanywe chai, ndipo uzijaribu. Swichi ni ya chuma chepesi cha kuyeyusha, si cha pua. Ukilazimisha boliti yenye kutu, sikio linavunjika na hapo utakuwa umejinunulia swichi mpya kwa nguvu. Ukikuta vichwa vya boliti ni vya mviringo, havina pa kushika spana, hizo ni za kuzuia wizi, zilikatwa vichwa zilipokazwa kiwandani. Zinatoka kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, ukigonga pembeni kwa mwelekeo wa kufungua, au kwa kutobolewa na drili. Kwenye cc 125 za Kichina ni nadra, utakutana nazo zaidi kwenye pikipiki kubwa za Kijapani.

Kama swichi yako ndiyo inayofunga hendeli pia, iweke OFF na hendeli iwe wazi kabla hujalegeza chochote. Ukiitoa ikiwa imefunga, ule ulimi unakwama kwenye shina la hendeli na utahangaika bure.

Ikishatoka, iangalie vizuri. Utaona ni vitu viwili vilivyoshikanishwa. Juu ni kufuli, yaani silinda na vibati vyake vinavyosomwa na ufunguo. Chini ni kikombe cha plastiki chenye pointi za umeme, ndicho waya zinachoingia. Havihusiani kwa chochote ila ulimi mmoja unaotoka kwenye silinda na kukizungusha kilicho ndani ya kikombe. Watu wanapulizia mafuta kwenye tundu la ufunguo wakitegemea honi irudi. Mafuta hayo yanalainisha kufuli, yanachuruzika chini, yanalowesha lile tope, na tatizo la mvua linaanza kutokea hata kiangazi.

Chora mstari kwa kalamu ya rangi au msumari kuanzia kwenye chuma hadi kwenye plastiki, ili ukirudisha usikosee upande. Kikombe kinashikwa na skrubu ndogo mbili au tatu, au na meno matatu ya plastiki yaliyobana kwenye chuma. Kwa meno, chukua bisibisi bapa ndogo, inua moja kidogo, weka kijiti cha kiberiti lisirudi, nenda la pili, kisha la tatu. Plastiki ya zamani imekauka, ukiinua jino moja kwa pupa linakatika. Fanya yote haya mikono ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha. Nasema hivyo kwa sababu ndani kuna springi ndogo, na kwenye baadhi ya swichi kuna na goroli ndogo mno, ile inayotoa mlio wa "tik" ukizungusha ufunguo. Ikirukia mchangani, umeipoteza.

Ndani utaona kipande cha shaba kinachozunguka, kimekaa juu ya springi, na kwenye sakafu ya kikombe vidoti vya shaba vilivyolala usawa wa plastiki, kila kimoja kikiwa na waya wake kwa nyuma. Angalia vile vidoti viwili vya nyekundu na nyeusi. Swichi iliyochoka inaonyesha alama yake hapo: vimeungua vikawa vyeusi na vina mashimo madogo upande mmoja, ule ambao shaba inapita kwanza kila unapowasha. Kijani na mwenzake mara nyingi ni visafi, ila kati yao kuna njia nyeusi imejichora kwenye plastiki. Njia hiyo ndiyo inayokuzimia pikipiki kwenye mvua.

Safisha tope lote kwa spiriti ya hospitali na mswaki wa zamani. Petroli inasafisha pia lakini baadhi ya plastiki inazilainisha, na sipendi watu wakae na kopo la petroli karibu na pasi ya kulehemu. Ile njia nyeusi kwenye plastiki ikwangue kwa kijiti au ncha ya kisu mpaka plastiki safi ionekane. Vidoti visugue kwa raba ya kufutia penseli. Visipong'aa, kwa msasa laini wa namba 1000 ulioukunja kwenye kijiti, kidogo tu. Tupa ya kusugulia chuma, kaa nayo mbali. Kinachotakiwa ni uso laini ulionyooka, na ukilima shaba kwa tupa shaba mpya itaungua haraka kuliko ya zamani. Vuta springi kidogo iwe ndefu kuliko ilivyokuwa, irudishe nguvu ya kubana. Kidoti kikiwa kimezama chini ya plastiki au kimelegea kwenye kitako chake, hapo swichi imefikia mwisho, usijisumbue zaidi.

Sasa waya. Vuta kila mmoja kwa vidole, si kwa plaia, karibu na pale ulipolehemiwa. Mzima hausogei. Uliokatika ndani unavutika na kurefuka kama lastiki, maana umebaki ganda tupu. Kata sehemu hiyo, chuna ganda mpaka upate shaba nyekundu. Ukiona shaba imegeuka nyeusi, risasi ya kulehemu haitashika, endelea kukata nyuma mpaka upate safi, kisha unga kipande kipya chenye unene uleule. Lehemu kwa haraka kwa pasi iliyoshika moto sawasawa. Pasi baridi unayoibana kwa muda mrefu ndiyo inayoyeyusha kikombe. Acha waya ziwe ndefu kidogo kuliko zilivyokuwa na uzifunge kwenye mwili wa swichi kwa kamba ya plastiki, ili zinapopindwa, kupindwa kusifike kwenye risasi.

Kabla ya kufunga paka vidoti Vaselini safi, utando mwembamba kiasi cha kuona mng'ao tu. Usitumie grisi ya beringi wala oili ya injini. Kwenye silinda ya ufunguo usipake mafuta hata kidogo: saga risasi ya penseli iwe unga, paka ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Unga huo unateleza na haukamati vumbi. Na huo mzigo wa funguo za nyumba, kufuli ya geti na kifungulia soda unaoning'inia hapo chini, utoe. Kila tuta unavuta silinda chini, na vibati vikishalika, pikipiki inawaka hata kwa kijiko.

Ukishafunga, pima ikiwa bado mkononi. OFF: kijani na yenye mstari zishikane, nyekundu na nyeusi ziachane. ON: kinyume chake. Mita inatosha kwa kujua ipi inashikana na ipi, ila kwa ubora wa pointi mita inadanganya, maana uzi mmoja wa waya unatosha kuifanya ilie. Mimi napitisha umeme wa betri kwenye swichi mpaka kwenye balbu ya 12V 21W, ile ya taa ya breki, halafu nazungusha na kutikisa. Balbu ikiyumba, kazi haijaisha. Mwenye mita anaweza kuweka ncha moja kwenye nyekundu na nyingine kwenye nyeusi balbu ikiwa inawaka, asome volti. Ikikaribia volti moja, pointi bado zinakula umeme.

Ukirudisha kwenye pikipiki, zungusha hendeli pande zote mbili kabla ya kukaza taa, uangalie waya hazibanwi kati ya bakuli na shokapu. Jaribu na kufunga hendeli, ulimi uingie bila kulazimishwa.

Sasa lile la fundi wa kwanza, la kuunganisha moja kwa moja. Akiunganisha nyekundu na nyeusi moja kwa moja, ukiegesha usiku taa ya breki iliyokwama au chaja ya simu inanyonya betri mpaka asubuhi. Akiukata ule wenye mstari, injini inawaka kwa kiki bila ufunguo, na mtu yeyote anayejua CG anaondoka nayo. Mbaya kuliko zote ni akikosea akagusisha nyekundu kwenye yenye mstari: anaingiza umeme wa betri kwenye CDI, na CDI inaweza kufa hapohapo.

Kitu ambacho hujakiandika lakini nakihisi: umefunga sporaiti? Redio? Kama vyote vimeungwa kwenye nyeusi, ndiyo iliyoziunguza pointi. Honi, taa ya breki na indiketa za kiwandani swichi inazimudu. Ukiongeza taa mbili za wati 20 kila moja, umeongeza zaidi ya ampea tatu mfululizo usiku kucha kwenye vidoti vidogo kuliko punje ya mchele. Weka rilei ya miguu minne, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa: mguu 30 upate waya mnene kutoka betri ukiwa na fyuzi yake, 87 uende kwenye taa, 85 kwenye bodi, na 86 upitie kwenye kitufe cha taa kutoka waya mweusi. Swichi itabeba umeme mdogo wa kuamsha rilei tu. Na fyuzi ya betri iwe ya namba iliyoandikwa kwenye kishikio chake, si uzi wa waya uliosokotwa.

Ikitokea vidoti vimezama na lazima ununue, nenda dukani na ya zamani mkononi na mita mfukoni. Usifananishe umbo la soketi, fananisha kazi: waya nne, na zipi zinashikana kwenye OFF. Kuna swichi zinazofanana kwa sura zilizotengenezwa kwa pikipiki za CDI ya betri, hazina njia ya kuzimia, ukiifunga kwako ufunguo hautazima injini. Kama kifuniko cha tangi kinatumia ufunguo huohuo, ulizia seti nzima, la sivyo utatembea na funguo mbili. Na matundu ya zile boliti mbili yalingane na ya pikipiki yako. Muuzaji akikwambia "utatoboa tu kidogo", mrudishie.

Ikiwa nzima au mpya, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kivishe pale waya zinapoingia, kifunge chini kikiwa wazi ili maji yatoke. Na kule unakooshea pikipiki, waambie wasielekeze mpira wa maji ya presha kwenye tundu la ufunguo.